Mtu wa Mwisho wa Kumtania Harithi

"Nitawazika wote, mmoja baada ya mwingine, na kila msiba nitakula wali sahani mbili."

Hayo Harithi aliyasema mbele ya watu, kwa kipaza sauti, nje ya ghala la korosho pale Naipingo, mwaka mmoja baada ya sensa ya 2012. Kipaza sauti hakikuwa chake. Alikuwa amemnyang'anya nesi Aurelia, aliyetoka mjini Nachingwea kuja kuwaeleza wakulima kwamba katika nchi hii wanawake wanaishi miaka mingi kuliko wanaume, na kwamba sababu mojawapo ni hao wanaume wenyewe. Hawapimi presha. Wanapuliza salfa kwenye mikorosho bila kujifunga hata kitambaa puani, halafu wakikohoa usiku kucha wanasema ni vumbi la barabarani. Mwanamke, alisema nesi, njia ya zahanati anaijua tangu mimba ya kwanza. Mwanamume anaonyeshwa njia hiyo akiwa amebebwa.

Wanaume walicheka sana. Mashine ya presha ilikuwa mezani, na foleni iliyojipanga mbele yake ilikuwa ya wanawake watupu, ambao siku ile hata hawakuwa wameitwa.

Ndipo Harithi akasimama na majigambo yake. Mbaruku, rafiki na jirani yake, hakumwachia.

"Huyo kweli hafi," Mbaruku alipaza sauti kutoka nyuma. "Malaika wa mauti akija, upepo unapiga yale masikio, mtu anapaa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na Harithi mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, maana masikio yake yalikuwa mali ya umma tangu zamani. Ni makubwa, mapana, yamesimama pembeni kama watu wanaosubiri kuitwa ndani. Alipokwenda jando, mwaka ule wa Uhuru, wavulana wenzake walikaa naye porini siku mbili tu wakaamua kwamba masikio yale ni ya kupepetea ufuta. Mwanzilishi wa maneno hayo alikuwa Masoudi. Kuanzia siku hiyo, msimu wa ufuta ukifika, Harithi alikuwa hapiti mahali. "Harithi, njoo utikise kichwa hapa, tuna magunia mawili."

Watu wa jando moja wana ruhusa hiyo. Wamelia pamoja, wameuguza vidonda pamoja, wameonana wakiwa hawana pa kujificha. Baada ya hapo mwenzako anaweza kukwambia lolote juu ya masikio yako, kilimo chako, hata mama mkwe wako, na ukinuna wewe ndiye mshamba. Hiyo haki hairithiwi. Mwanao hawezi kuipata. Mdogo wako hawezi. Inakufa na mwenye nayo.

Na ilianza kufa.

Mbaruku alianguka shambani, hakuinuka tena. Nesi alikuwa amempima mwezi mmoja kabla, mke wake Mwanne alipomkokota kwa nguvu, akapewa vidonge vya presha. Alivimeza siku tatu akaviacha, akasema vinamfanya akojoe kama ng'ombe. Wengine walifuata kwa zamu: mmoja kifua, mmoja sukari, mmoja gongo, mmoja alikwenda kuchimba dhahabu Namungo uzeeni kama mtu aliyechelewa shule, na kifusi hakikumuuliza umri. Kila msiba Harithi alikuwepo, mbele kabisa, akibeba jeneza hadi mabega yalipokataa. Wali ulipopakuliwa, mtu angemletea sahani. Ya pili hakuiomba.

Halafu akafa Zena, mkewe. Aliugua kwa muda mfupi, akafia Hospitali ya Wilaya kitanda chake kikiwa kimezungukwa na wanawake wenzake. Nesi Aurelia alikuja kutoa pole, na hakugusia habari za wastani wa umri. Nchi nzima wanawake wanaishi zaidi, lakini nchi nzima si nyumba ya Harithi. Pale ghalani aliposema "wote", Zena alikuwa kwenye foleni ya presha, amekunja mkono wa gauni. Harithi hakuwa amemkusudia yeye.

Kwa hiyo sasa Harithi ana miaka sabini na kitu, presha yake ni ya kijana, meno anayo karibu yote, na hana mtu wa kumtania.

Usicheke. Mzee anaheshimiwa, na heshima hiyo wala si ndogo. Akitoka nje asubuhi, shikamoo. Akienda msikitini, shikamoo. Anaitikia marahaba kuanzia alfajiri hadi isha, na hakuna aliyebaki ambaye yeye angemwambia "vipi, mwizi wewe." Msibani anapewa kiti cha plastiki chenye mikono, kile kimoja tu, na akikaa, wale waliokuwa wakiongea karibu naye wananyamaza na kutazama chini.

Utaniambia wajukuu wapo, na mjukuu na babu ni watani. Ndiyo. Lakini utani wa mjukuu una sukari nyingi. "Babu mchumba wangu, umependeza," halafu anaomba mia tano ya vocha.

Utaniambia na mashemeji. Mwanne, mjane wa Mbaruku, anakaa ng'ambo ya ua wa mabua. Zamani alikuwa akimwambia Harithi maneno mpaka Mbaruku anaona aibu. Siku hizi anainamisha kichwa, "shikamoo shemeji," basi. Mjane akimtania mgane asubuhi, jioni watu wanauliza mahari. Lakini wenzake aliocheza nao unyago mmoja wako karibu wote. Munira yupo, Hadija yupo, yupo na yule mwenye jicho moja. Jioni wanakusanyika uani kwa Mwanne kumenya karanga, na wanachambana hadi kuku wanahama. Harithi anakaa upande wake wa ua, anasikiliza. Siku moja Hadija alimwambia Munira kwamba matako yake yalikwenda Dar es Salaam yakasahau kurudi, na Harithi akacheka peke yake gizani. Kisha sauti ya Mwanne, ya chini: "Jamani, mzee anatusikia." Karanga zikamenywa kimyakimya.

Akajaribu kijiwe cha kahawa. Vijana walikuwa wakibishana mechi ya timu ya Namungo, mishipa imesimama. Harithi akakaa, akasikiliza, akatoa hoja ya kipumbavu makusudi.

"Mimi naona wangecheza tisa. Kumi na moja ni msongamano."

Alisubiri. Mbaruku angekuwepo angemwambia akapimwe akili. Vijana walitazamana.

"Kweli kabisa, mzee," mmoja akasema. "Hiyo busara."

Ilipofika hapo, Harithi akaanza kumuwaza Masoudi.

Masoudi alihama zamani kufuata shamba la ukweni, Nanganga, upande wa Ruangwa. Wawili hao walikuwa wameonana mara ya mwisho kwenye msiba wa Mbaruku, na Masoudi alikuwa amemwambia mbele ya kaburi, "Sogea huko, unamwekea marehemu kivuli." Habari za kifo chake hazikuwahi kuja. Simu yake haikupatikana, lakini simu ya mzee kutopatikana ni kawaida, huenda mjukuu anachezea gemu. Kwa hesabu ya Harithi, katika wavulana wote wa jando lile, waliobaki juu ya ardhi walikuwa yeye na Masoudi. Akaamua aende kabla hesabu haijapungua.

Aliyempeleka ni Evarist, bodaboda wa pale stendi, mtu mzima wa watoto watatu na mdomo usio na breki. Ndiye aliyetusimulia safari hiyo. Walipokwisha kwenda mwendo mrefu, mzee nyuma akamuuliza:

"Evarist, nyie mkitaniana mnasemaje?"

"Tunachanana, mzee."

"Basi nichane."

Evarist anasema pikipiki nusura iingie korongoni. "Mzee, nitalaaniwa."

"Nimekuruhusu. Nichane."

Evarist, ambaye anaweza kumliza konda wa basi, akafikiri kilomita nzima. "Mzee… hilo koti lako limechakaa kidogo."

"Hiyo siyo kunichana," Harithi akasema. "Hiyo ni taarifa."

Wakaendelea.

Nanganga waliulizia mara mbili, wakaelekezwa. Nyumba ya bati, mkorosho mbele, na chini ya upenu mzee mmoja mwembamba, amevaa kanzu safi kabisa, ameketi kwenye mkeka akitazama barabara. Harithi alimtambua tangu mbali. Akashuka kabla pikipiki haijasimama, akavua kofia ili masikio yaonekane vizuri, akatembea akiwa ameshaanza kutabasamu, kama mtu anayesubiri kumwagiwa maji na anajua ni ya baridi.

Masoudi akamtazama. Akajaribu kuinuka, kwa adabu.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Evarist anasema Harithi alisimama pale kofia mkononi. Mtu akikuamkia lazima umwitikie, hata kama mlitahiriwa kwa kisu kimoja.

"Marahaba," akasema mwisho.

Hajra, mke wa Masoudi, akatoka ndani akifuta mikono. Yeye alimjua mara moja. "Shemeji Harithi. Kumbe upo." Akamwekea kigoda, akamweleza bila kushusha sauti, kwa sababu hakuna haja ya kumficha mtu jambo atakalolisahau. Mwaka wa pili huu. Alianza kusahau njia ya shamba, kisha majina ya watoto. Sasa mwili mzima, anakula vizuri, anatembea, kichwa ndicho kimehama.

"Mimi ananiita nesi," Hajra akasema. "Ananiuliza zamu yangu inaisha saa ngapi."

"Unamwambiaje?"

"Namwambia bado kidogo."

Uani kulikuwa na beseni la nguo zilizolowekwa, na kamba nzima ya shuka. Hajra akaona Harithi anaangalia huko.

"Si wanasema redioni wanawake tunaishi zaidi," akasema. "Miaka yenyewe ya nyongeza ndiyo hiyo pale kwenye beseni."

Harithi alijaribu. Akakaa karibu na mwenzake, akamtajia kule porini jandoni, akamtajia Mbaruku na siku walipoiba mihogo ya ngariba wakachapwa wote. Masoudi alisikiliza vizuri sana. Alikuwa akiitikia "naam, mzee," na "hayo ni mambo makubwa, mzee," kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Harithi akamwambia yeye ana kichwa kama kibuyu cha togwa. Hilo lilikuwa tusi alilotupiwa Masoudi tangu utotoni, lililokuwa likimpandisha hasira hadi anarusha mawe. Masoudi akashika kichwa chake kwa mikono miwili, akakipapasa taratibu.

"Inawezekana, mzee," akasema.

Hajra akaleta uji. Wakanywa. Kivuli cha mkorosho kikasogea, na Evarist akaanza kuangalia mawingu, kwa sababu ile barabara ikinyeshewa si ya kuchezea. Harithi akaaga. Masoudi akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akamshukuru kwa kuja kuwaangalia wagonjwa.

Harithi alikuwa ameshapanda, Evarist ameshapiga kiki, injini inanguruma, ndipo wakamsikia Masoudi akimuuliza mkewe, kwa sauti ile ya mtu asiyejua kwamba anasikika:

"Nesi, huyo mzee mwenye masikio ya kupepetea ufuta ni nani?"

Evarist akaogopa kugeuka. Alihisi nyuma yake mtu anatetemeka, akadhani analia. Alikuwa anacheka. Harithi alicheka kutoka Nanganga, akacheka kwenye kona, akacheka wakipishana na lori la korosho, akimpigapiga Evarist mgongoni, "umemsikia, umemsikia yule mbwa?" Evarist naye akacheka, kwanza kwa kumfuata. Halafu mahali fulani kabla ya Nachingwea kicheko cha mzee kikaisha, akavaa tena kofia, nayo ikabaki kichwani hadi mlangoni kwake. Ng'ambo ya ua wanawake walikuwa wakimenya karanga. Waliposikia pikipiki, wakashusha sauti.

Tangu siku hiyo Harithi anakwenda. Akiuza mbuzi anakwenda, mwanawe akimtumia kitu kutoka Dar es Salaam anakwenda. Anafika anaamkiwa, anaitikia marahaba, anakaa na mwenzake kimya wakitazama barabara, anakunywa uji wa Hajra. Wakati wa kuondoka anavua kofia, anapanda pikipiki, anamwambia Evarist awashe lakini asiondoke. Wanasubiri. Siku nyingine Masoudi anauliza. Siku nyingine anatazama tu, na Hajra anawapungia mkono waende.

Bodaboda kutoka Naipingo hadi Nanganga, kwenda na kurudi, pamoja na kusubiriwa, Masoudi aulize asiulize, ni shilingi elfu arobaini.