Jino Nililomeza na Muthokoi

Nilimeza jino langu la mbele nikila muthokoi, na kwa miezi mingi nilijua nitakufa. Usinicheke. Nilikuwa darasa la pili, kwetu karibu na soko la Kabati, na sheria ya jino kila mtoto aliijua: likitoka, unalirusha juu ya paa, unaomba jipya, unaondoka bila kugeuka. Sasa langu lilikuwa limeteremka tumboni pamoja na mahindi na maharagwe. Lingeota wapi, kama si huko huko?

Sikumwambia mtu. Aliyenifundisha sheria hiyo ni nyanya yangu, susu kama tulivyomwita, na susu hakuwa mtu wa kuchezewa. Yeye mwenyewe alikula muthokoi polepole, punje kwa punje, nasi tukidhani ni uzee. Nilimdanganya kwamba nimelirusha. Basi tumbo likinguruma, najua jino linatafuna. Shuleni waliniita Pengo, na pengo lenyewe lilikataa katakata kujaa.

Ndipo shule ya sekondari ya jirani ikafanya maonyesho ya sayansi, nasi tukapelekwa kwa miguu, wawili wawili, tumeshikana mikono. Kulikuwa na meza ya mataya: la mbuzi, la nyani, la mtu, na ruhusa ya kushika. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa akimfokea mwalimu kwa nini nyani kawekwa karibu na mtu. Mimi sikuwa na habari naye. Nilikuwa nimemwona mtu wa mbao, tumbo wazi, ndani kazungushiwa mpira wa maji mrefu ajabu. Unatia gololi mdomoni, unaisikia ikiteremka, mpaka idondoke kwenye kopo chini. Watoto walicheka ilipotokea. Mimi sikucheka.

Niliitia mara tatu. Mara tatu ikatoka.

"Wewe, mbona hutosheki?" akauliza msichana wa sekondari aliyesimamia.

Nikajikuta namwambia yote, machozi yakinitoka. Alicheka, lakini kidogo tu. Akanipa taya la mtoto la plasta lenye kidirisha. "Fungua."

Ai! Chini ya meno ya utoto, meno mengine makubwa yalikuwa yamejipanga ndani ya mfupa.

"Lako liko hapo tangu zamani," akasema. "Paa halihusiki."

Akanishika kidole, akanibonyezesha ufizi wangu mwenyewe. Kulikuwa na kitu kigumu. Haki ya Mungu, nilitaka kumkumbatia.

Nilirudi nyumbani mbio. Susu alikuwa anapeta kunde. Nikamweleza uongo wangu, gololi, kidirisha, kila kitu, halafu nikangoja kofi. Susu akaweka ungo chini.

"Hiyo gololi ilitoka?"

"Ilitoka, susu."

"Uliiona kwa macho yako?"

"Mara tatu."

Akajishika tumbo.

"Langu nililimeza nikiwa kama wewe," akasema. "Jipya liliota, ndiyo. Lakini lile la kwanza sikujua liko wapi. Kila nikiumwa na tumbo nasema, ni lile."

"Na hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani? Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha."

Kisha akaanza kucheka, mabega yakitikisika, mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. Nami nikacheka naye, roho ikiwa nyeupe kabisa. Jioni hiyo susu alijipakulia muthokoi mara mbili, na akala haraka haraka.