Saa Isiyolia

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na miaka kumi na miwili. Meza yetu ilikuwa pembeni ya soko, hapa Kisangani, na baba yangu, fundi wa saa, alinipa sheria moja: nyumbani yeye ni Papa, kazini ni Chef, mukubwa wa kazi. Mimi niko na haya sana. Nilipenda kazi ile kwa sababu saa haikuulizi maneno.

Nilianzia kwenye mikanda. Baadaye Chef alinipandisha kwenye pile, kile kidonge cha umeme, halafu kwenye mashine yenyewe, magurudumu madogo kama mbegu za pilipili. Saa ikifika, kabla ya kuifungua kwa kisu unaiweka sikioni. Ikilia, iko hai. Isipolia, unafungua.

“Client anaweza kudanganya,” Chef alikuwa akisema. “Saa, hapana.”

Kisha zikaingia saa za kuchaji, zile zinazohesabu hatua na mapigo ya moyo. Wateja wakapungua. Chef alicheka, eti mutu anayengoja saa imwambie kama ametembea, huyo ni mugonjwa.

Mwaka jana afisa mmoja wa uwanja wa ndege wa Bangboka alituachia ya kwake, ya kuchaji. Mukanda tu ndio uliokatika. Chef alikuwa anaongea na fundi wa viatu, jirani yetu. Niliona uso wa saa mweusi, nikaiweka sikioni: kimya. Nikaingiza kisu. Kioo kikapasuka, na utepe mwembamba wa ndani ukakatika. Kumbe ilikuwa imelala tu. Ningeigusa kwa kidole, ingewaka.

Afisa aliporudi hakupiga kelele. Aliuliza nani ameifungua.

“Ni mimi,” Chef akasema.

“Papa, fundi muzima, haujui kama hii hailiake?”

“Bon. Sikujua.”

Chef akavua saa yake mwenyewe, akampa. Afisa akaiweka juu ya meza, akaenda. Mimi niliinama, nikaokota vipande vya kioo.

Fundi wa viatu ndiye aliyeanza kumwita Chef Docteur Mupasua-Wazima, daktari anayepasua wasiougua. Soko lote likafuata. Hakuna aliyetuletea saa tena, na Chef akakunja meza.

Ndivyo nilivyostaafu, nikiwa na miaka kumi na saba. Ninyi wadogo zangu, nimewaandikia namna kazi ilivyofanywa, lakini sioni mutakayemufanyia.

Watu wakimuuliza Papa kwa nini aliacha, anajibu kwamba macho yamechoka. Jana mama alimupa sindano. Aliingiza uzi mara moja tu, akamurudishia bila kuniangalia.