Chupa Iliyofichwa Kabatini

Kazini walimwita Wembe, na hakuna aliyejua kama jina lilitokana na mkono wake au ulimi wake. Kazi yake ilikuwa kukata nyama za wagonjwa. Vinyama vilivyochomolewa kwenye uvimbe vilifika maabara ndani ya vichupa vya dawa ya kuhifadhia, mara nyingi vimebebwa na wagonjwa wenyewe. Yeye alivigandisha kwenye nta, akavikata kwa mashine vipande vyembamba vya kupeperushwa na pumzi. Kisha vilitiwa rangi. Rangi ikishika kwenye seli za saratani, seli hizo zina alama ambayo dawa mpya huitafuta na kuikamata. Isiposhika, dawa hiyo haina la kufanya. Mgonjwa hupewa zile za kawaida, zinazopiga seli mbovu na nzima bila kuchagua.

Nyumbani, Wembe na mke wa kaka yake hawakuiva chungu kimoja. Mama yake Wembe alipofariki, Wembe alisema msibani, watu wakisikia, kwamba mkamwana huyo alimnyima mgonjwa hata maji ya kunywa. Haikuwa kweli. Lakini neno likitoka halirudi, na Wembe hakuwa mtu wa kulikimbilia. Tangu hapo salamu za mawifi hao zilipitia kwa kaka, naye akazipunguza ukali njiani.

Kisha wifi akapata uvimbe kwenye titi.

Wembe aliporudi kutoka likizo, daktari wa maabara alimwita kwenye hadubini.

"Huyu ni mtu wako?"

"Mke wa kaka yangu."

"Rangi haikushika. Jumatatu wanamwanzishia dawa za kawaida. Lakini mimi kipimo hiki sikiamini. Tazama hapa pembeni: hata seli nzima, ambazo siku zote hushika rangi kidogo, hazina kitu. Nyama hii imelala mno kwenye chupa, alama ikafutika. Nani aliichelewesha?"

"Mimi sikuwepo, daktari."

"Basi kaulize nyumbani."

Wifi alikuwa sebuleni akikunja nguo, kila shati akilipiga kama limemkosea.

"Nani kakukaribisha?"

"Nyumba aliyojenga mama yangu haina bawabu."

"Ina mwenyewe. Sema lililokuleta, uende."

"Ile chupa ya nyama, uliipeleka lini maabara?"

Wifi akachukua shati jingine. Kaka, aliyekuwa amejikunja kwenye kiti, akainua kichwa. "Si siku ileile? Ulikataa hata nikubebee."

"Niliiweka kabatini," wifi alisema. "Nyuma ya mablanketi. Nikangoja huyu dada yako aende likizo. Ulitaka nimkabidhi nyama ya mwili wangu aikate huku anacheka?"

"Yaani tumelala na chupa hiyo chumbani siku zote hizo?"

"Mbona ulikoroma vizuri tu."

Wembe hakucheka. "Umejichimbia kaburi mwenyewe, mpumbavu wewe. Wanasema huna alama, kumbe umeiozesha kabatini. Labda unayo, labda huna. Lazima uchomwe sindano upya, utolewe kinyama kingine, kesho, kabla hawajaanza."

"Ili safari hii niangukie mikononi mwako."

"Atakata mwingine. Mimi sitagusa."

Wifi aliweka shati chini. Alimtazama Wembe kwa muda, kama anayepima kitambaa dukani.

"Hapana. Akate Wembe mwenyewe."

"Mke wangu, wewe hueleweki!"

"Mwingine akiharibu, itaitwa bahati mbaya. Yeye akiharibu, ukoo mzima utajua nani kaniua. Nataka akate akiwa na hofu."

"Sina hofu na mtu," alisema Wembe.

Lakini alikuwa nayo. Siku mbili baadaye alikaa mbele ya mashine na kile kinyama chembamba kama uzi, akahisi jasho ndani ya glavu. Miaka yote alijiambia nyama ni nyama, haina jina wala mdomo. Hii ilikuwa na mdomo. Bado alimchukia mwenye nayo, wala chuki haikupungua hata chembe. Ilikaa kifuani, baridi na nzito, na ajabu ni kwamba ndiyo iliyoutuliza mkono. Alikata polepole. Hakuharibu hata kipande.

Safari hii rangi ilishika. Kila seli ya saratani ilizungushiwa duara la kahawia.

"Alama ipo," daktari wa wagonjwa aliwaambia mume na mke, Wembe akiwa amesimama mlangoni. "Dawa ina pa kushika. Wengi wenye alama hii hupata nafuu. Wapo wasiopata. Tutajua uvimbe ukianza kusinyaa."

"Kwa hiyo hamjui," alisema wifi.

"Tunajua zaidi ya wiki iliyopita."

Siku ya dripu ya kwanza, wifi alimkuta Wembe kwenye korido.

"Usingoje asante."

"Asante yako ningeiweka wapi?"

Wifi akapiga hatua mbili, akasimama. Sauti ilipotoka haikuwa na sumu, na hilo lilimtisha Wembe kuliko matusi. "Na dawa isiposhika?"

Wembe hakumdanganya. "Sijui, wifi. Hakuna anayejua."

Wifi akaingia chumba cha dripu alimokuwa mumewe, akakaa kwenye kiti kando ya dirisha, akamnyooshea muuguzi mkono. Sindano ilipoingia alifumba macho.

"Baba watoto," alisema bila kuyafumbua, "mwambie dada yako asisimame mlangoni. Ananizibia hewa."

Wembe akasogea hatua moja kando, akabaki.