Jojo ya Asali Mnadani

Mwaka 1972, nikiwa na miaka tisa, ndipo shida ilipoanza. Baba alikufa kwa homa wakati wa palizi. Ndugu zake wakachukua ng'ombe, na mama akarudi kwao Tlawi na sisi watoto wanne na majembe mawili. Shule niliacha darasa la pili. Najua kusoma maandishi ya kwenye maboksi, najua kuandika polepole, na haya nimeyaandika mwenyewe. Atakayecheka mwandiko wangu acheke, ila aje kwanza anionyeshe alichojenga yeye.

Vibarua vyote sitavieleza. Nilipalilia mahindi ya watu, nikapura maharage ya watu, nikawabebea wajenzi maji. Nikaolewa, tukateremka kuishi Gendabi. Mfanyabiashara mmoja wa Katesh, Mwislamu mwenye duka la jumla, ndiye aliyenipa boksi la kwanza la jojo nipeleke mnadani.

"Dada," alisema, "mtu akibishania bei ya ng'ombe kutwa nzima mdomo unakauka. Mpe kitu cha kutafuna."

Niligeuza ndoo, nikaweka boksi juu yake, karibu na lango wanapoingizia ng'ombe. Kabla ya saa sita limekwisha. Langoni hapo nimekaa miaka zaidi ya thelathini. Wamebadilika watoza ushuru, wamebadilika madiwani, mimi nipo.

Watu wanadhani jojo ni jojo. Si kweli. Ya mnanaa ni ya wanaume wanaotaka kurudi nyumbani bila mke kujua wamepitia wapi. Wanawake wanaotafuna tumbaku nao huitaka hiyo hiyo. Ya ndizi ni ya watoto. Utamu wake unaisha upesi, mtoto anarudi kabla hujakaa. Ya stroberi ni ya wasichana wa sekondari, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona stroberi yenyewe. Kuna moja kali ya mdalasini, hiyo huuzwa wakati wa baridi, watu wakikohoa. Ilipokuja ya kola nilikataa kuichukua. Wenzangu wakaichukua, ikawalalia mpaka ikawa ngumu kama kokoto.

Kwa hiyo kampuni moja ya jojo ilipotafuta wakala wa Hanang, ilinitafuta mimi. Alikuja kijana wa mauzo, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni. Akaniamkia vizuri, shikamoo yake ikanipendeza. Akaleta mwavuli wenye picha ya jojo, fulana na kofia. Akaniambia kuhusu shindano la karatasi: ukikusanya maganda kumi unapewa puto, ukikusanya mia unapewa mpira. Kisha akafungua daftari.

"Mama, kampuni inataka ladha mpya kwa watu wa huku. Wewe unawajua. Wangependa ipi?"

Nilimjibu hata chai haijapoa. "Asali."

"Asali?"

"Andika."

Akaandika. Niseme ukweli, nilijisikia mkubwa siku ile. Mwanamke wa darasa la pili anaulizwa na kampuni, na neno lake linaandikwa. Nilijua asali ni nini huku kwetu. Wazee wakibariki, asali ipo. Waliogombana wakipatana, asali ipo. Na watu wakienda kuposa kwa jirani zetu wafugaji, asali ndiyo inayotangulia, mikononi mwa watu wazima, kwa utaratibu. Niliona kitu kinachoheshimiwa hivyo lazima kitauzika. Sikujiuliza kitatangazwaje, na nani.

Miezi ikapita. Siku ya mnada ikaja pikapu imepakwa rangi ya njano, nyuki mkubwa mlangoni, spika mbili juu. Ndani alikuwemo yule yule kijana wa mauzo, sasa kashika maikrofoni, pamoja na dereva. Wakaegesha langoni kwangu. Muziki ukapigwa mpaka ng'ombe wakagoma kuingia, na wenye ng'ombe wakaanza kunitazama mimi.

"Punguza," nikamwambia.

"Mama, tukipunguza hawatusikii!"

Watu walijaa. Aligawa bure, na jojo ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Ilinukia asali kweli. Wakulima wakacheka, wafugaji wakaonja wakatikisa vichwa, watoto wakagombania maganda. Nikafikiri, mwaka huu naongeza chumba cha duka.

Ndipo kijana akamwona binti mmoja wa wafugaji, wa miaka kama kumi na nane, amevaa shanga na sketi yake ya ngozi, amesimama na mama zake wadogo. Hajaolewa. Kijana akaruka chini. Akapiga goti moja mbele yake, kama wanavyofanya kwenye video za simu, akamnyooshea pakiti kwa mikono miwili ili dereva apige picha. Maikrofoni imebanwa kwapani, inasikika mnada mzima.

"Asali kwa mrembo! Pokea, pokea! Baba mkwe yuko wapi?"

Binti akapokea. Mtu akikunyooshea kitu kwa mikono miwili mkono wako unatangulia kabla ya akili. Kisha akasikia alichoambiwa. Pakiti ikaanguka, akajifunika uso kwa shuka.

Huyo aliyeitwa baba mkwe, baba wa binti, alikuwa hatua kumi kutoka pale, ameegemea fimbo yake.

Wanaume hawakupiga kelele. Ningesikia kelele ningepumua. Waliacha ng'ombe walipokuwa, wakaja wakasimama kuizunguka pikapu, mmoja mmoja, bila haraka. Dereva akazima muziki. Yule baba akaitazama ile pakiti chini, hakuiokota.

"Hili si langu," akasema kwa Kiswahili, ili tusikie wote. "Ni la kina mama."

Asiyewajua jirani zetu hataelewa uzito wa maneno hayo. Mwanaume akimdhalilisha mwanamke, wanaokaa kuhukumu si wazee. Wanakaa wanawake. Na wakikaa, hakuna mwanaume wa kuwapinga, hata mume wa mmoja wao. Niliwaona wameanza kusogea kwenye uwanja wa nyuma ya josho la ng'ombe, wawili, watano, kisha sikuhesabu tena.

Dereva akaingia kwenye gari. Niliuona mkono wake ukienda kuwasha. Nikapitisha wangu dirishani nikachomoa ufunguo, nikaufunga kwenye pindo la kanga.

Kijana alikuwa kwenye simu. Alipoishusha uso ulikuwa umebadilika rangi.

"Mama, tupe ufunguo. Bosi anasema tuondoke sasa hivi."

"Bosi wako yuko hapa mnadani?"

"Hayupo."

"Basi anyamaze."

"Mama, hii ni promosheni! Ni jojo tu!"

"Umempa binti asali mbele ya watu, akaipokea. Umemwita baba yake mkwe kwa spika. Sasa unataka kukimbia. Ukikimbia, huyu binti ni nani kuanzia leo? Ni yule aliyeposwa kwa mchezo akaachwa. Nani ataleta asali ya kweli kwao?"

Akakaa chini, akaegemea tairi.

Sikumwambia yaliyobaki. Gari likiondoka, anayebaki langoni ni mimi. Kina mama wakisema nisikanyage mnada, sikanyagi, na hakuna mfugaji atakayenunua hata kiberiti kwangu. Kwa kifupi, miaka yangu yote ilikuwa imefungwa kwenye pindo lile pamoja na ufunguo.

Jua lilikuwa la saa saba. Tulikaa mpaka saa tisa. Mara moja dereva aliomba akajisaidie, na wanaume wawili wakamsindikiza na kumrudisha kwa adabu kabisa, kama mgeni. Adabu ile ilinitisha kuliko fimbo.

Saa tisa tukaitwa. Niling'oa majani mabichi pembeni ya josho, ambayo kwao ni alama ya kuomba msamaha, nikamgawia kijana nusu. "Shika hivi. Usiseme mpaka uulizwe. Na hiyo kofia vua."

Walikuwa wamekaa chini, miguu imenyooshwa. Aliyesema kwa niaba yao ni bibi mmoja wa Dirma, mteja wangu wa mnanaa tangu ana meno yote. Siku hiyo hakunijua. Nilimpa shikamoo akaiacha hewani. Binti na mama yake walikuwa nyuma yake, wamefunika vichwa.

"Wewe uliyevua kofia," bibi akaanza. "Una mama?"

"Ninaye, bibi. Shikamoo."

"Yeye aliposwa kwa spika?"

Wanawake wachache wakacheka, si kicheko cha kufurahi.

"Sikujua, bibi. Kwetu ni matangazo."

"Hukujua. Haya. Kijana wa mjini hajui, tunakubali." Akainamisha kichwa upande mmoja. "Lakini jojo zimekuja hapa miaka yote, za ndizi, za mnanaa. Asali haijawahi kuja. Mjini hawajui asali ni nini kwetu. Nani aliwaambia?"

Kijana akanitazama. Alikuwa na daftari mfukoni, na neno langu limo. Angeweza kulitoa. Hakulitoa, akaangalia majani aliyoshika. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Ningenyamaza ingeishia kwa kampuni. Kampuni iko mbali, haina uso. Nilihesabu hilo haraka, mimi ni mfanyabiashara. Lakini nikamwona binti amekaa vile, na nikajua kama ni wangu ningetaka kumjua mtu aliyefanya asali ya kuposea iwe kitu cha kutupwa juu ya watu.

"Mimi," nikasema. "Waliniuliza, nikasema asali. Nilijua maana yake. Nilitaka iuzike."

Bibi akatema tumbaku pembeni.

"Umekaa langoni kwetu muda mrefu kuliko miti," akasema, "ukauza cha kwetu."

Nikainamisha kichwa, nikayainua majani yangu mbele yake.

Walituondoa wakazungumza kwa lugha yao. Ninaisikia kidogo, nilisikia "lango" mara tatu. Tulipoitwa tena, bibi alikata maneno kama mtu anayekata kamba. Kijana atoe mtamba mweusi kwa fidia ya binti. Ile asali ya karatasi isiingie mnadani tena. Nami nitafute asali ya kweli, niibebe mwenyewe kwa miguu hadi kwao binti, niiweke mbele ya mama yake na kusema kwamba ile ya mwanzo haikuwa asali. Nikifanya hayo, nirudi langoni. Nisipofanya, nisionekane.

Kijana hakuwa na mtamba, hata kuku. Mtamba nilimtoa zizini kwangu, kwa kuwa asali ile niliitaja mimi. Ufunguo nikawarudishia jioni hiyo, wakaondoka bila muziki.

Asali niliipata kwa mrina wa huko juu Mbulu, kibuyu kimoja. Nilitembea nayo tangu asubuhi, magoti yakiuma. Mama wa binti alinitazama nikisema maneno niliyoagizwa. Akachovya kidole, akaonja, akaniletea kigoda. Mwaka uliofuata binti akaposwa kwa utaratibu.

Kampuni ilinipigia. Ladha imeshatengenezwa, wakasema, wakala lazima auze ladha zote au aache uwakala. Nikawaambia waje wachukue mwavuli wao. Wakaja. Uwakala ukaenda kwa mtu mwenye gari, na asali inauzwa madukani mjini, wala sina neno. Langoni haifiki.

Mnada uliofuata nilikaa mahali pangu. Mpaka saa nne hakuna mfugaji aliyesimama. Kisha bibi wa Dirma akaja, akatupa sarafu juu ya ndoo.

"Mnanaa," akasema. "Na uniamkie."

Nikamwamkia.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vinne, bati jipya. Duka moja Gendabi. Shamba ekari sita, na robo ekari ya vitunguu. Ng'ombe watano, mbuzi kumi na moja, punda mmoja. Tangi la maji. Cherehani. Simu mbili, moja mbovu. Na nafasi langoni mwa mnada, ambayo haina hati.