Asali ya Posa na Kambare wa Basotu

Weka hizo ndoano chini, mwanangu, uvute kigoda ukae. Safari hiyo mimi bado sijaikubali. Nimesikia baba yako mdogo Tluway amekupigia simu tena leo asubuhi, anataka mwende Basotu mkavue samaki siku mbili tatu ili utulize moyo, halafu ndiyo mpitilize Masakta kwenye posa yako. Eti utulize moyo! Maneno hayo nayajua. Ni yale yale aliyoniambia mimi nilipokuwa na umri wako, na mpaka leo nikiyasikia kichwa kinaniuma.

Kuna siku haijawahi kunitoka akilini, na wewe unaijua nusu tu, kwa sababu mama yako kila akianza kuisimulia anacheka mpaka anashindwa kumaliza. Mimi sicheki. Nitakusimulia yote, na wewe usiniangalie simu hapo.

Nilikuwa kijana wa hapa hapa Dongobesh, nalima mahindi na vitunguu kwenye shamba la baba. Mama yako nilikutana naye mnadani Katesh. Baba yake, marehemu babu yako Gidamis wa Balangdalalu, alikuwa mfugaji hasa, mtu wa ng'ombe na fimbo, na sisi watu wa milimani tunaoshika jembe hakutuona kama watu wa kumpa binti. Mara ya kwanza nilipotuma salamu alinikatalia kabisa. Na jirani yao mmoja, mfugaji mwenye zizi kubwa, alikuwa ameshaanza kupitapita pale nyumbani. Mwishowe mzee akalegea kidogo. Akasema kijana huyo aje nimwone, aje na mtu wa kumsemea, na aje na ndoo ya asali nzuri ya kutengenezea pombe ya wazee.

Asali ile niliitolea jasho, mwanangu. Mjomba wangu alikuwa na mizinga kule msituni, na ili anipe ndoo moja nilimpalilia shamba lake msimu mzima. Mama yangu aliifunika kwa kitambaa cheupe, akabana mfuniko juu yake, akaniambia, "Hii ndiyo mke wako, usiiache jua liiguse."

Mtu wa kunisemea nikamchagua Tluway. Ningemchagua nani mwingine? Tulikuwa tumechunga pamoja na kusoma pamoja, na ulimi wake unaujua mwenyewe. Akizungumza, hata mtu aliyekasirika anajikuta anaitikia kwa kichwa. Ila alikuwa na kichaa kimoja, na hajapona: uvuvi. Akiona maji, hata ya kidimbwi, lazima achungulie kama kuna kinachotembea ndani.

"Bura," akaniambia, "wewe una wasiwasi. Ukifika kwa mzee namna hiyo utatetemeka mbele za watu. Tupitie Basotu, tukae ziwani siku mbili, utulize moyo."

Nikakubali. Usiniulize kwa nini.

Tulipanda lori la mahindi mpaka Haydom, tukaunga kwa miguu mpaka ziwani. Wavuvi wa pale walitupa kibanda cha nyasi karibu na maji, wakatuonya tuwe macho na viboko. Siku ya kwanza Tluway alivua perege, wadogo kama kiganja, tukawala na ugali, nikasema sawa, tumefurahi. Yeye hakuwa amefurahi hata kidogo. Wavuvi walikuwa wamemwambia kwamba kuna kambare mkubwa anakaa upande wa matete, kambare anayekata mishipi ya watu, na basi, ikawa ndiyo hivyo. Sikumpata tena rafiki yangu.

Siku mbili zikaisha. Nikasema twende. "Kesho asubuhi tu, Bura." Kesho ikafika, upepo umebadilika, samaki hali kwenye upepo ule. Kesho yake tena, eti kambare amemgusa! Alimsikia kwenye mshipi, ulivutika namna hii, mtu hawezi kuondoka wakati ameshaguswa. Nikikohoa ananinyamazisha kwa mkono. Nikitembea ananiambia nyayo zangu zinafukuza samaki. Akanifukuza kabisa pale ukingoni, nikawa nakaa nyuma ya kibanda kama mtu aliyefungiwa, nafua shati langu jeupe la posa na kulianika, nafua na kulianika, mpaka kola ikachakaa. Nilikuwa najifundisha salamu nitakayompa mzee, na mbuzi wa wavuvi ndio walikuwa wananijibu.

Jioni moja akaja ananichekea. Amepata chambo maalumu, anasema. Ugali wa moto, unauponda vizuri, halafu unatia dawa kidogo.

"Dawa gani?" nikamuuliza.

"Hiyo ni siri ya mvuvi."

Mwanangu, nilikuwa na macho. Niliona nzi wamejaa kwenye donge lake la ugali. Niliona nyuki wanamzunguka mkono. Nikajiambia nyuki wamefuata maji ya ziwa, nikaendelea kupiga pasi shati langu kwa viganja.

Na kambare akaja kweli. Nilisikia makelele, nikakimbia, nikamkuta Tluway yumo majini mpaka kifuani, amekumbatiana na samaki, na mvuvi mmoja amemshika mkanda asizame. Alikuwa mkubwa, siwezi kukudanganya. Urefu wake ulikuwa kama mguu wangu, na masharubu kama ya mzee wa kanisa. Tluway alicheza pale ufukweni mpaka watoto wakaja kutazama.

Halafu akataka tumbebe kwenda naye Balangdalalu! Awe zawadi ya nyongeza! Aisee, nilimshika kola. Nikamwambia, wewe una akili? Wale wazee wa kule samaki hawali tangu babu zao, hata harufu yake haitakiwi kukaribia kibuyu cha maziwa, na wewe unataka niingie kwa baba mkwe na kambare begani? Tukabishana mpaka nikashinda. Kambare tukawaachia wavuvi, na Tluway akanuna kama mtu aliyetoka kuzika. Nikamsimamia asugue mikono kwa majivu na sabuni mpaka vidole vikawa vyekundu. Tulipoanza safari akaichukua ile ndoo ya asali yeye mwenyewe.

"Bwana harusi habebi mzigo," akasema.

Nikamshukuru. Unasikia, mwanangu? Nilimshukuru!

Kwa bahati tulifika Balangdalalu siku ile ile tuliyopangiwa. Tukasalimu, shikamoo mzee, shikamoo mama, tukaitikiwa marahaba, tukaulizwa mvua, tukaulizwa mifugo, tukaulizwa barabara. Mzee Gidamis alikuwa amekaa na wenzake kwenye uwanja wa boma. Tluway akasimama akasema, na haki yake nimpe, alisema vizuri mno. Alinisifu mpaka mimi mwenyewe nikatamani kumfahamu huyo kijana. Wazee wakaitikia. Nyuma ya uzio nilimwona mama yako amesimama na kibuyu, nikajua kazi imeisha, mke nimepata.

Ndipo mzee akavuta ndoo, akafungua.

Kitambaa cheupe hakikuwepo. Mzee akainamisha ndoo kidogo, na asali ikakimbilia upande mmoja upesi kama chai. Akachovya kidole, akakitoa, akakitazama karibu na jicho. Kwenye ncha ya kidole chake palikuwa na gamba la perege, linang'aa. Akalinusa.

"Hiki ni nini?"

Tluway hakudanganya, hilo nalo nimpe. "Ni gamba la samaki, mzee. Nilikuwa nachota asali kidogo naichanganya na ugali, nafanya chambo. Ilipopungua nikajazia maji ya ziwa."

"Maji ya ziwa," mzee akarudia.

"Machache tu, mzee."

Machache tu! Nilisikia damu inapanda mpaka masikioni. Nikaruka nikasimama mbele za wazee, nikamnyooshea kidole, nikasema, "Mzee, mimi sijui chochote! Ni huyu! Mimi nilikuwa nyuma ya kibanda!"

Babu yako hakumtazama Tluway hata mara moja. Alinitazama mimi, na sauti yake haikupanda.

"Ndoo ni ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Ilikuwa inalala wapi?"

"Kibandani, karibu yangu."

"Uliifunua lini ukaitazama?"

Nikaitazama ndoo kama ndiyo itakayonijibia.

"Asali ya kuniomba mtoto wangu ulimwachia rafiki, ukakaa hujui inakwenda wapi," akasema. "Huyo mtoto mwenyewe nikikupa, utamwachia nani?"

Akaagiza tupewe maziwa tunywe, kwa kuwa mgeni haondoki na njaa, kisha akaniambia nikipata asali nyingine niilete mwenyewe, na kwamba yeye hamzuii mtu mwingine kuja. Nilijua mtu mwingine ni nani.

Tukatembea nusu ya njia, mimi mbele, yeye nyuma. Halafu Tluway akakohoa. Nikajua anataka kuomba msamaha, nikajiandaa kumkatalia.

"Lakini Bura," akasema, "yule kambare si ulimwona?"

Nilitafuta jiwe, mwanangu. Bahati yake barabara ile ilikuwa na vumbi tu.

Msimu wa asali ulikuwa umekwisha. Nilimpalilia mjomba tena, nikangoja maua yatoke, na kila siku ya mnada nilikuwa naenda Katesh kusikiliza kama yule mwenye zizi ameshapeleka ng'ombe. Nilikonda mpaka mama akadhani nina minyoo. Asali ilipopatikana niliibeba peke yangu, na kila nilipopumzika niliipakata magotini kama mtoto. Mzee akafungua, akakuta kitambaa cheupe kimekaa palepale. Akanusa, akachelewa kweli kuinua uso.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mzee."

"Njiani umeitazama?"

"Mpaka nyuki wakanichoka, mzee."

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. Akasema, "Sasa kaa."

Sikuambii umwache Tluway. Alinisaidia kumzika baba yangu, na wewe ulipougua utotoni alikubeba mgongoni kutoka hapa mpaka hospitali, mvua inanyesha. Ni ndugu. Lakini jana alipokuja hapa, kabla hata hajaketi vizuri, aliniuliza asali ya posa yako tumeiweka wapi. Mtu mzima, mvi kichwa kizima! Mama yako ameifungia chumbani, ufunguo ameuvaa shingoni, na hata mimi hanipi.

Basi sikiliza, nikuachie neno. Rafiki mpende, mle pamoja, mcheke pamoja, na mkavue pamoja ukishatoka Masakta. Lakini jambo ambalo likiharibika ni wewe utakayelia, libebe kwa mikono yako, na ulifunue njiani ulitazame, hata kama anayekusaidia ni mtu mwema. Na ukiona nyuki kwenye ugali wa mwenzako, uliza. Uliza hapo hapo. Usiende kufua shati.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie barabarani, wazee wa Masakta wakupokee kwa uso wa furaha, na huyo binti umtunze kuliko ulivyoitunza ndoo. Na mfuniko ukifunguliwa mbele za watu, kitambaa cha mama yako kikutwe juu.