Mfua Mashuka na Programu Iliyomsahau Mgonjwa

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Mama Mashuka yuko mbele ya kompyuta ya zahanati, anaandikisha wagonjwa wawili wa uongo. Wa kwanza penisilini haimfai. Wa pili hana katazo. Anamfungua tena wa kwanza, anasoma katazo lake bado lipo, anashusha pumzi.

"Fundi, leo tunatibu au tunachimba makaburi?" muuguzi mkuu, dada wa mumewe, anamchokoza.

"Wifi, mdomo huo nao upimwe homa."

Hacheki hata mmoja.

Amefua mashuka ya hapa miaka kumi na tisa. Alipofika hamsini akaanza kujifunza programu saa ya chakula, miezi kumi na minne, tumbo likinguruma kuliko mashine ya kufulia. Ndiye aliyeandika programu ya wagonjwa iliyokuwa ikitumika hapa.

"Klasi ni fomu tupu," anaeleza. "Objekti ni fomu iliyojazwa, ya mgonjwa mmoja. Kila mtu na yake."

Ila dawa iliyokatazwa aliiweka kwenye klasi yenyewe, si kwenye kila objekti. Ikawa ubao mmoja wa wote: ajaye anafuta ya mwenzake. Dereva mmoja mstaafu alipoandikishwa, katazo lake liliingia. Akafuata mtu asiye na katazo. La dereva likafutika. Akachomwa sindano ya penisilini, dawa ileile aliyokatazwa.

Alipona, kama kupona ni kulishwa kwa kijiko na kutotamka neno miezi mitano.

"Niliijaribu kwa mgonjwa mmoja tu," anasema. "Kwa mmoja ilifanya kazi vizuri mno."

Kila Ijumaa humfulia dereva mashuka. Mkewe huyapokea mlangoni. "Juzi kaniambia, 'Dada, usafi wako siutilii shaka.' Heri angenitukana."

Saa nne daktari mkuu anakuja kuamua kama programu iliyosimamishwa, sasa ikiwa imerekebishwa, irudi. Wanaingiza wagonjwa wa uongo mia mbili. Kila mmoja anabaki na katazo lake.

"Inafanya kazi, mama," anasema daktari. "Ila mimi moyo wa kuirudisha sina. Tuendelee na makaratasi."

Mama Mashuka anazima kompyuta, anarudi kwenye mabeseni. Mwakani ataomba tena, lakini kwanza kila mstari wa programu usomwe na mtu mwingine.

"Nimetafuta mtu asiyenionea haya," anasema, akikamua shuka. "Wifi kakubali kabla sijamaliza kumwomba."