Jozi Mia Mbili za Makubadhi

Asubuhi hiyo mlangoni kwetu, Mji wa Kale, tulikuwa wanne: mimi Salim, mdogo wangu Rukia, Fundi Athumani, aliyenifundisha kushona makubadhi, na Karisa, mwenye mkokoteni. Fundi alibaki nyumbani; sisi watatu tulikuwa tukipeleka jozi mia mbili za mfanyabiashara wa Kampala. Zamani alikuwa akiisifu kazi yetu kisha akaiacha, kwa kuwa ushuru wa mpakani uliifanya ghali. Sasa nchi zetu zilikuwa zimetia saini mkataba wa kupunguziana ushuru, naye akaagiza. Kwa agizo hilo niliajiri watu wanne, na wadogo wetu wawili wakarudi shule, ile niliyoiacha darasa la sita tulipofiwa na wazazi. Kilichobaki kilikuwa cheti cha kuthibitisha kwamba mali imetengenezwa Kenya. Bila cheti hicho ushuru ungekuwa ule ule wa zamani, na agizo lingekufa.

Saa mbili tuliingia barabara ya Ndia Kuu. Mbele ya Ngome ya Yesu, Karisa alisimama kufuta jasho.

"Mikataba hutiwa saini na wakubwa," alisema. "Sisi wasukumaji twapata nini?"

"Mwaka jana wakati huu ulikuwa ukisukuma nini?" nilimuuliza.

"Madumu ya maji."

"Na leo?"

"Leo nasukuma maneno yako, ndugu yangu. Mazito kuliko maji."

Saa nne tulifika kwenye ofisi inayotoa vyeti hivyo. Afisa, mtu wa makamo, aliitikia salamu zetu vizuri, akatoka nje kukagua mali. Hapo ndipo nilipoliona kosa letu. Rukia alikuwa ameyaomba maboksi kwenye duka la viatu, akachagua yaliyo safi na imara. Kila moja lilikuwa limepigwa chapa ya nchi ya ng'ambo.

"Boksi lasema viatu vimetoka ng'ambo, wewe wasema Mji wa Kale," afisa alisema. "Niamini lipi?"

"Ni mimi, bwana," Rukia alijibu. "Niliyapendea uzuri."

"Uzuri huo utawarudisha nyumbani."

Sikukubali kurudi. Nilimwomba achague jozi yoyote. Alichomoa moja kutoka boksi la chini kabisa. Nilitoa sindano yangu ya kushonea ngozi, nikaufumua ukanda, nikakaa kwenye ngazi na kuushona upya mbele yake, nikamalizia kwa fundo la Fundi Athumani: mizunguko mitatu, limefichwa chini ya ukanda. Afisa alifungua maboksi mengine, akapapasa kwa kidole. Kila kiatu kilikuwa na fundo lile.

"Aliyekufundisha yuko hai?"

"Yuko, bwana. Atungoja nyumbani."

"Ana mkono mzuri. Lakini kwa maboksi haya sitii saini."

Karisa alikwisha kwenda sokoni kutafuta magunia. Tulipakia upya pale pale barazani, afisa akasaini, na saa tisa stesheni ya reli ikapokea mzigo.

Tukirudi nilikuwa nikifikiri kwamba mkataba umetufungulia Kampala, lakini hautatujia mlangoni. Ni juu yetu kuufuata, karatasi na mali zikisema jambo moja.

Fundi Athumani alikuwa barazani.

"Wamekubali?"

"Wamelikubali fundo lako."

Hakuwahi kunitoza ada. Alitaka ahadi tu, kwamba nami niwafundishe watu kumi.

"Umefikisha wangapi?"

"Wanne."

Alisogea kunipa nafasi. "Haya, kaa. Kampala wakiagiza tena, utahitaji mikono."

Wamebaki sita.